Uzio wa umeme si jibu la tembo wa kanda ya kati

Ndugu Mhariri,

Kila mtama unapoanza kutoa masuke huko Bahi, Chemba, Manyoni na Kondoa, wito huwa ule ule: serikali izungushe uzio wa umeme kwenye mapori ya akiba, wanyama wabaki kwao na watu wabaki kwao. Hasira ya mkulima aliyelala na ekari tatu za mtama akaamka na mabua matupu haihitaji kuelezwa, na wala hatuna nia ya kuipuuza. Tunachopinga ni dawa inayopendekezwa. Nchi za jangwani barani Afrika zimeshajaribu kuwakatia wanyama eneo lao na watu la kwao, na matokeo yake yanajulikana. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuyaeleze, kisha turudi nyumbani Dodoma.

Tuanze na mvua. Dodoma hupata wastani wa milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Lakini huo ni wastani tu. Wingu linaweza kumwaga maji Mundemu, Chipanga wakabaki wanalitazama. Wagogo wanalijua hili siku nyingi. Ndiyo maana familia ililima mashamba zaidi ya moja, pande tofauti, na ng'ombe wengine wakawekwa kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame wa upande mmoja usimalize zizi lote. Mnyamapori wa nchi kavu anafuata hesabu hiyo hiyo, ila yeye anaifuata kwa miguu. Mwaka huu majani yako huku, mwakani yako kule. Ukimfungia upande mmoja, umemfungia na ukame wa upande huo.

Mtazame choroa, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Bado wapo upande wa Mkungunero, pale pori la akiba linapopakana na Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Vipimo vilivyofanywa Kenya miaka ya 1960 vilionyesha kuwa choroa akikosa maji huacha joto la mwili lipande hata kupita nyuzi 45 za Selsiasi badala ya kulipoteza kwa jasho. Ubongo hauungui, kwa sababu damu inayopanda kichwani hupoozwa kwanza na damu inayorudi kutoka puani. Hilo ni la ajabu, lakini la pili ndilo linalotuhusu zaidi. Kichaka kimoja anachokula kilipimwa kikakutwa na maji kama asilimia moja tu mchana. Usiku, hewa ilipopoa, majani yale yale yalinyonya unyevu yakafika asilimia 40 hivi. Choroa anayelisha usiku anakunywa huku anakula. Usiku wake ukiwa wa tochi, pikipiki na mbwa, amenyimwa maji bila kisima hata kimoja kuzibwa.

Tembo hana ujanja huo. Mzima anahitaji lita 100 hadi 200 kwa siku, na makorongo yetu yakikauka juu, maji hubaki chini ya mchanga. Tembo huchimba kwa mguu na mkonga hadi maji yajichuje, anakunywa, anaondoka, na kishimo kile kile kinanywesha swala, nyani na ndege. Ni mchanga huo huo ambao mama wa kijijini anachimba kisima chake asubuhi. Sasa piga hesabu: Pori la Akiba la Swagaswaga lina ukubwa wa kilomita za mraba 871 hivi. Tembo wa Gourma, kusini mwa jangwa huko Mali, huzunguka eneo linalozidi kilomita za mraba 20,000 katika mwaka mmoja kufuata maji na malisho. Kanda ya kati si kame kama Gourma, lakini hakuna kundi la tembo litakaloishi Swagaswaga miezi kumi na miwili bila kutoka. Watatoka tu. La kuamua ni wapitie wapi.

Botswana ilijibu swali hilo kwa waya. Mwaka 1958 ulijengwa uzio wa Kuke, kaskazini mwa Kalahari ya kati, ili kutenganisha ng'ombe na nyati wenye kubeba ugonjwa wa miguu na midomo, kwa ajili ya soko la nyama. Miaka ya mvua hakuna aliyeona tatizo. Ukame wa miaka ya 1980 ulipopiga, nyumbu wa Kalahari walielekea kaskazini kwenye maji kama walivyozoea, wakakuta waya, wakaufuata waya kuelekea mashariki hadi Ziwa Xau, ambako walikuta ng'ombe, watu na ziwa linalokauka. Mwaka 1983 walikufa kwa makumi ya maelfu. Wengi hawakuuawa na waya wenyewe, na kila mwaka wa neema ungeweza kuonyeshwa kama mfano wa mafanikio.

Nchi yenye somo kubwa zaidi kwetu ni Niger, kwa sababu imefanya mambo yote mawili, kuwatengea wanyama eneo lao na kuwaacha kati ya watu, moja likafeli na jingine likafaulu.

Sehemu kubwa ya Niger ni Sahara. Mashariki yake, Machi 2012, serikali ilitangaza hifadhi ya Termit na Tin Toumma yenye kilomita za mraba takriban 97,000, zaidi ya mara mbili ya mkoa wote wa Dodoma wenye kilomita za mraba 41,311. Lengo lilikuwa kumwokoa adaksi, mnyama mweupe wa jamii ya choroa mwenye pembe zilizojipinda, anayeweza kukaa karibu maisha yake yote bila kunywa maji ya wazi. Eneo lilikuwapo na ramani ilikuwapo, tena kubwa kuliko hifadhi yoyote tuliyo nayo hapa. Lakini tangu kuanguka kwa utawala wa Libya mwaka 2011 silaha na magari yenye kupita mchangani yalikuwa yamezagaa, na visima vya mafuta vilifunguliwa ndani ya makazi yale yale ya adaksi. Askari waliopelekwa kulinda mitambo ndio waliotajwa na Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Maumbile kuwa miongoni mwa wawindaji. Uchunguzi wa Machi 2016 uliofanywa kwa ndege na magari ulifanikiwa kuwaona adaksi watatu tu. Baadaye, mwaka 2019, mipaka ya hifadhi yenyewe ikabadilishwa kupisha mafuta.

Tusidhani hilo ni la Niger peke yake. Oman iliwarudisha porini choroa weupe wa Arabia mwaka 1982, miaka kumi baada ya wa mwisho kuuawa, ikafikisha kama 450 katikati ya miaka ya 1990, ujangili ukawashusha hadi 65, serikali ikakata asilimia 90 ya eneo kutafuta mafuta na gesi, na mwaka 2007 eneo hilo likawa la kwanza duniani kufutwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kigingi cha mpaka kinang'oleka siku thamani ya kilicho chini ya ardhi inapopanda.

Upande wa pili wa Niger, kiasi cha kilomita 60 kutoka mji mkuu Niamey, kuna Kouré. Hapo hakuna hifadhi ya taifa wala uzio. Kuna vijiji, mashamba ya uwele na kunde, barabara kuu ya lami, na twiga. Twiga wa Afrika Magharibi zamani walienea kutoka Senegal hadi Chad. Mwaka 1996 walihesabiwa 49 duniani kote, wote wakiwa katika eneo hilo. Leo wamepita 600. Hawakuletwa kutoka popote. Waliachwa wazaane katikati ya wakulima.

Tuangalie jinsi ilivyowezekana, maana hapa ndipo watu wengi wanaishia kusema "utalii" na kuondoka. Kwanza, simba na chui walishatoweka eneo hilo, kwa hiyo ndama wengi wanakua. Hali hiyo sisi hatuna, na si ya kuitamani. Pili, twiga hawa wanahama kwa mwaka: masika wanakaa kwenye uwanda wa juu wenye vichaka vilivyoota kwa mistari, kiangazi wanashuka kwenye bonde la Dallol Bosso, ambako mashambani kuna miti aina ya gao. Gao hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua wakati wa kiangazi. Mkulima analima uwele chini yake bila kivuli kumsumbua, na twiga anapata majani mabichi mwezi ambao hakuna mti mwingine wenye jani. Mti huo ukikatwa, twiga hawana pa kwenda kiangazi, hata uwanda wote wa juu ukihifadhiwa. Tatu, sheria ya uwindaji ilisimamiwa kweli, na vijiji vilipewa mikopo midogo na visima kwa masharti ya kulinda miti na wanyama. Nne, hesabu: kila twiga anatambuliwa kwa mabaka yake kwenye picha na hesabu hurudiwa, kwa hiyo wakipungua inajulikana mapema.

Shida zao nazo ni za kwetu. Twiga hula kunde na maembe ya watu, hugongwa na magari, na uwanda wa juu unakatwa kuni kwa ajili ya Niamey. Na Agosti 2020 watu wenye silaha waliua wageni sita wa Kifaransa na wenyeji wawili pale Kouré, na watalii wakaacha kwenda. Wanaotaka kujenga uhifadhi wa kanda ya kati juu ya hoteli za kitalii waitazame tarehe hiyo. Kilichobaki Kouré baada ya wageni kuondoka ni miti mashambani na watu wasioua twiga. Novemba 2018 walihamishwa twiga wanane kwenda Gadabedji, kaskazini zaidi, ili wote wasiwe katika kapu moja.

Sasa turudi kwetu. Tembo wa kusini mwa Manyoni, kwenye mapori ya Kizigo na Muhesi yaliyoungana na Rungwa na Ruaha, wana mapito ya zamani kuelekea Swagaswaga, upande wa Chemba na Kondoa. Mapito hayo yamo katika orodha ya shoroba za wanyamapori za Tanzania iliyotolewa na watafiti mwaka 2009, na hata wakati huo yalitajwa kuwa hatarini. Ukichora mstari kutoka Muhesi hadi Swagaswaga, lazima ukate reli na barabara kuu ya Dodoma kwenda Singida. Barabara ina magari ya usiku. Reli ya kisasa, kipande cha Makutupora hadi Tabora, ni ya umeme na kwa usalama wa abiria inahitaji uzio. Tayari basi tuna uzio mrefu unaokuja, unaokatiza njia ya tembo, bila mtu kuuomba kwa ajili ya tembo. Kuongeza mwingine kuzunguka mapori ni kuirudia Kuke.

Reli si lazima iwe ukuta. Kenya ilijenga njia za chini ya reli ya kisasa ndani ya Tsavo na tembo wanazipita. Lakini hazifanyi kazi zote sawa, na sababu zinajulikana: tembo hupita pale walipokuwa wanapita tangu awali, wala hawaendi kutafuta daraja jipya kilomita kumi pembeni, hupenda uwazi mpana wanaoona upande wa pili, na hugoma mdomo wa njia ukijaa mifugo, taa, genge la chakula au nyumba. Kwetu makorongo yamefanya nusu ya kazi. Reli lazima ivuke korongo kwa daraja au kalavati, na tembo hufuata kingo za korongo usiku. Daraja likiwa juu vya kutosha, sakafu ikaachwa ya mchanga badala ya zege lenye mawe, na uzio wa reli ukapindwa kuelekea mdomo wa daraja kama mkono unaoelekeza, njia imepatikana. Kulijenga jipya reli ikishaanza kufanya kazi ni gharama nyingine kabisa.

Tuseme pia kwa nini uzio wa umeme wenyewe ni mgumu hapa, hata ukiacha habari za ukame. Umeme wa uzio ni mzunguko: unatoka kwenye mashine, unapita kwenye waya, unaingia kwa mnyama, unashuka ardhini na kurudi kupitia vyuma vya ethi, yaani vyuma vilivyozamishwa ardhini na kuunganishwa na mashine. Udongo mkavu wa kichanga haupitishi umeme vizuri. Matokeo yake ni kwamba Septemba na Oktoba, tembo akiwa na kiu kuliko wakati wowote, mshtuko ndio unakuwa hafifu kuliko wakati wowote. Dawa yake ipo: waya zenye umeme zipishane na waya za ethi ili mnyama aguse zote mbili kwa pamoja, na vyuma vya ethi vizamishwe virefu, vingi, mahali penye unyevu. Gharama inapanda. Masika yanakuja na tatizo la kinyume: nyasi zinagusa waya wa chini na kuuvuja umeme, kwa hiyo lazima zifyekwe mstari mzima. Meno ya tembo hayapitishi umeme. Dume akilijua hilo, na wanalijua haraka, anakata waya kwa pembe au anaangusha nguzo. Betri na sola huibiwa. Na kila korongo linaloshuka kwa kishindo Januari linaondoka na kipande cha uzio, na shimo moja tu linatosha kufanya kilomita zote zilizobaki kuwa mapambo.

Hatusemi uzio hauna kazi. Unafaa kuzunguka kitu kidogo na cha thamani: ghala la kijiji, shule, skimu ya umwagiliaji, shamba la zabibu. Sharti awepo mtu anayelipwa kuutembelea kila siku akiwa na kipimo cha volti mkononi. Mradi ambao una pesa za nguzo na hauna pesa za mtu huyo usianzishwe.

Kwa mashamba ya mtama na uwele, silaha nafuu ni pilipili, lakini nayo ina kanuni zake na ikivunjwa watu husema haifanyi kazi. Nguzo zisimikwe kila mita 10 hivi, kamba ya katani ivutwe usawa wa mita moja na nusu, vitambaa vining'inizwe katikati ya nguzo, na vyote vipakwe pilipili kali iliyokaushwa na kusagwa, ikichanganywa na grisi au oili chafu iliyo nzito ya kushika. Mvua huiosha. Kwetu mtama unakomaa mvua zikiwa zinamalizika, kwa hiyo Machi na Aprili lazima ipakwe upya kila baada ya mvua kubwa. Aliyepaka Februari akasahau hana uzio. Oili isichanganywe karibu na kisima. La muhimu kuliko yote, mashamba yazungushwe kwa pamoja. Mkulima mmoja mwenye kamba katikati ya kumi wasio nayo amewahamishia tembo majirani zake, na wakimaliza huko watarudi kwake. Matofali ya kinyesi cha ng'ombe au cha tembo yaliyochanganywa na pilipili, sehemu moja ya pilipili kwa tano za kinyesi, yakikaushwa na kuchomwa upande upepo unakotoka, husaidia usiku ambao wamesikika karibu. Mpakaji afunike pua na avae glovu. Mizinga ya nyuki inayoning'inizwa kila mita 10 na kuunganishwa kwa waya imefanya kazi Sagalla huko Kenya, na Manyoni na Itigi wafugaji nyuki hawakosekani. Tatizo ni kwamba ukame ukiingia nyuki huhama na mzinga mtupu haumtishi tembo. Anayetaka njia hiyo atundike mizinga karibu na maji au aweke maji.

Malambo nayo yaangaliwe. Kuchimba lambo ndani ya ushoroba kwa nia njema ya kuwapa wanyama maji kunawafanya wapitaji kuwa wakazi. Watakaa, watamaliza miti ya jirani, na mtama wa karibu utakuwa chakula chao cha kila siku. Lambo la wanyama likae ndani kabisa ya pori. La mifugo likae mbali na njia.

Njia yenyewe inalindwa wapi kisheria? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inamruhusu Waziri kutangaza shoroba, na kanuni zake za 2018 zimeeleza namna. Lakini ardhi inayozungumziwa ni ya vijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa hiyo kinachofanya kazi ni mpango wa matumizi bora ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Hapa makosa hujirudia. La kwanza, kijiji kimoja kinatenga njia kaskazini, kijiji jirani kinagawa mashamba hapo hapo inapoendelea. Mipango isipofanywa kwa pamoja kwa vijiji vyote vinavyopitiwa, njia inaishia kwenye mahindi ya mtu. La pili, hati za hakimiliki ya kimila zinatolewa kabla ushoroba haujachorwa, na baadaye kumwondoa mwenye hati ni kesi na fidia. La tatu, ushoroba unachorwa kama eneo lisiloguswa na mtu. Si lazima iwe hivyo. Malisho ya kiangazi, mizinga, kukusanya ukwaju na ubuyu vinaweza kuendelea humo mchana, mradi pasijengwe, pasilimwe na pasiwe na kambi za usiku. Mfugaji asipoonewa ndani ya ushoroba atakuwa mlinzi wake wa kwanza, kwa sababu mkulima akiingia, yeye naye amekosa njia ya ng'ombe.

Na miti. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu milioni 2.08 katika sensa ya 2012 na milioni 3.09 katika sensa ya 2022, na jiji limekuwa makao makuu yanayopika. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania, lakini magunia ya mkaa yanayopangwa kando ya barabara yanatoka leo, na mengine yanatoka kwenye vichaka ambavyo tembo na choroa wanavitegemea. Itigi ndiko kunauma zaidi: vichaka vile vya aina ya pekee, ambavyo ukiacha kanda ya kati unavikuta tena kaskazini mwa Zambia, vikishang'olewa visiki kwa kilimo havirudi vilivyokuwa.

Visiki vikiachwa, habari ni tofauti. Niger, kuanzia Maradi mwaka 1983, Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, na wakulima waliacha kupanda miche iliyokuwa ikifa na kuanza kutunza machipukizi ya visiki vilivyo hai mashambani. Eneo lililorudi kuwa na miti linakadiriwa kuwa hekta milioni tano. Dodoma njia hiyo imeingia kwa jina la Kisiki Hai, na Kondoa tuliiona nguvu yake hata kabla ya jina. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, uliondoa mifugo mwaka 1979 katika kilomita za mraba 1,256 za Kondoa zilizomomonyoka, na uoto ukarudi kutoka mizizi na mbegu zilizokuwa ardhini. Uliwaumiza wafugaji sana, na tusingependa urudiwe kwa amri namna ile.

Kisiki hakihitaji amri. Chagua kisiki chenye machipukizi, acha mawili au matatu yaliyonyooka na yenye nguvu, mengine kata chini kabisa kwa panga kali ukikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Pogoa matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu, usizidishe. Anayepogoa hadi kileleni ananyima mti majani ya kujilisha. Funga kitambaa ili mchungaji na mwenye jembe waone kuwa una mwenyewe. Matawi yaliyokatwa yalazwe kuzunguka kisiki kuzuia mbuzi. Rudi baada ya miezi kadhaa upogoe tena. Migunga, mikambala na mikole hujibu haraka. Kinachoharibu ni moto wa kuandaa shamba, mbuzi wa baada ya mavuno, na sheria ndogo isiyosema mti wa shambani ni wa nani. Mkulima akiogopa kuadhibiwa kwa kuvuna tawi la mti alioutunza, ataung'oa ukiwa mdogo.

Kuhusu kifuta jasho tutasema machache. Kanuni za 2011 huangalia umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kwa hiyo aliyelima ukingoni hana cha kutegemea, na malipo huchelewa. Mwenye madai apige picha za nyayo, kinyesi na mazao siku hiyo hiyo, kabla mifugo haijaingizwa kula mabua, na apime eneo lililoharibiwa tu, si shamba zima. Madai yaliyotiwa chumvi ndiyo yanayochelewesha ya wengine.

Halmashauri zitaanza kuandaa bajeti ya mwaka ujao wa fedha muda si mrefu. Tunaomba madiwani na wabunge wa Manyoni, Bahi, Chemba na Kondoa, badala ya kuomba kilomita za waya, waombe mambo matatu yaingie humo: fedha za mipango ya pamoja ya ardhi kwa vijiji vilivyo kati ya Muhesi na Swagaswaga, posho na vifaa vya askari wa wanyamapori wa vijiji kuanzia Machi hadi Juni, na kikao kimoja na wajenzi wa reli, ramani ya madaraja na makalavati ikilazwa mezani juu ya ramani ya makorongo ambayo tembo wanayatumia.

Wasomaji wenu,
Dodoma